Nusu ya Radhi

Watu wengi wa Bagamoyo wakinusa asumini hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka teksi. Jana jioni nilikuwa napita mtaa wa Dunda, mwanamke mmoja akanipita amevaa kikuba kibichi cha asumini, na kabla sijageuka kumtazama nilikuwa nimekwisha kaa kiti cha nyuma cha gari jeusi lenye paa la manjano, miguu yangu haifiki chini, Mama kulia, Bibi kushoto, na shada la asumini linaning'inia mbele ya dereva, likicheza kila akipiga honi. Na honi alikuwa hapumziki kuipiga.

Hiyo ilikuwa Mumbai. Bibi aliiita Bombei mpaka mwisho wa maisha yake. Kanga za ujana wake zilitoka Bombei, na hakuona kwa nini mji ubadili jina bila kumwuliza yeye.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake Mama, alikuwa mgonjwa wa moyo. Akitoka msalani mpaka barazani ilimbidi apumzike njiani, akijifanya anawatazama kuku. Madaktari wa Dar es Salaam walisema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, ukatengenezwe India. Mimi niliambiwa tu kwamba Bibi anakwenda kusafishwa moyo, nikaona kichwani mwangu beseni la maji na moyo unasuuzwa kama dagaa. Mwenyewe alifanya utani. Alisema moyo wake aliubwaga Bagamoyo zamani, kama jina la mji linavyotaka, sasa hao Wahindi wakimpasua kifua sijui watakuta nini.

Nami nilikwenda kwa sababu alikataa kusafiri bila mke mwenzake. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao ni babu. Mume wetu alifariki kabla sijazaliwa, lakini hilo halikutuzuia kugombana.

Kuna tabia moja ya Bibi ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hamtanielewa. Hakumwamini fundi yeyote. Awe wa cherehani, awe seremala, awe wa kuezeka makuti, alipewa nusu ya ujira, na nusu nyingine akimaliza kazi. "Fundi ukimpa yote," alikuwa akisema, "nguo yako utaivaa Kiyama." Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko methali zote za shuleni.

Siku za mwisho kabla ya safari nyumba yetu ilijaa. Ndugu walikuja mpaka kutoka Msata, na kuku wao mkononi. Bibi alikaa mkekani, na kila aliyeingia alimshika mkono akamwambia, "Niwie radhi kwa nililokukosea, nilijualo na nisilolijua." Mtu hujibu kwamba amemwia radhi, naye amwie, kisha hufuta macho, kisha huletewa chai. Hata jirani yetu muuza samaki, ambaye hawakuwa wakiamkiana naye kwa sababu ya jogoo, aliitwa akaombwa radhi. Mimi nilidhani hiyo ni sehemu ya maandalizi ya safari, kama kupiga nguo pasi.

Tulipofika Mumbai, siku moja kabla ya Bibi kulazwa, Mama alitaka apumzike chumbani. Bibi akasema hakuvuka bahari kuja kutazama dari ya nyumba ya wageni, atembezwe mji. Mama aliuvuta mtandio karibu na macho, nami nikadhani ni vumbi, maana vumbi lilikuwa jingi.

Dereva aliyetuchukua alikuwa mzee mwenye ndevu za hina. Kiingereza alijua kidogo, Mama alijua kidogo, na vidogo vyao havikukutana. Bibi ndiye aliyeelewana naye. Alitupa neno moja moja kama mtu anayejaribu funguo: chai, gari, dunia. Kila neno likifungua, mzee anageuka nyuma kwa furaha, gari linayumba, na Mama anasoma dua.

Kwanza alitupeleka kwenye lango kubwa la mawe linalotazama bandari. Sikuwahi kuona lango lisilo na nyumba. Njiwa walikuwa wengi kuliko watu, na watu walikuwa wa kila namna: wenye vilemba, wenye kofia, wanawake wenye vito puani, Wazungu wekundu kwa jua. Chini ya lango kulikuwa na ngazi, na kwenye ngazi boti za rangi zilikuwa zikipakia watu kwenda kuzungushwa bandarini. Nilitaka boti kwa roho yangu yote. Bibi alizitazama zile ngazi zenye maji na ukoga, akaweka mkono kifuani, akasema tutapanda siku nyingine. Nikanuna. Kununa nilikuwa na kipaji.

Nilinuna mpaka stesheni ya treni, ambayo ina minara na sanamu za wanyama, na ambayo Bibi aliuliza sultani gani anaishi mle. Nilinuna tukinywa chai ya barabarani yenye tangawizi, ndani ya vibilauri vidogo vinavyochoma vidole. Bibi alionja bajia, akatafuna taratibu, akatangaza kwamba aliyezipika amefundishwa na mtu wa Pangani, si wa Bagamoyo. Kisha akamshika mkono muuza chai na kumwomba radhi kwa Kiswahili. Kijana wa watu akacheka, akamwongezea chai. Kwenye taa za barabarani alimwomba radhi mwanamke aliyekuwa akiuza asumini dirishani, akanunua shada, akaninusisha ili niache kununa. Sikuacha.

Alasiri tulifika mahali ambapo msikiti mweupe umejengwa katikati ya maji, na njia nyembamba ya kuufikia hufunikwa na bahari ikijaa. Kabla hatujashuka, Bibi alimgeukia dereva akamwambia maneno yale yale. Mzee alisikia "radhi", uso ukamchangamka. Akatikisa kichwa upande upande, kwa namna yao ambayo si ndiyo wala si hapana, akasema, "Raazi, Amma, raazi." Mama akatueleza baadaye kwamba kwao neno hilo ni kukubali, na labda alidhani wamekubaliana nauli. Bibi akasema ni mamoja, aliyekubali ameridhika.

Mawe ya njia yalikuwa yametota. Bibi aliyatazama, akasema maji yanakupwa, twendeni. Tulikwenda polepole sana. Katikati ya njia alichoka, akakaa ukingoni, na Mama akaenda mbele kutafuta maji ya kunywa. Tukabaki wawili, upepo unatupiga chumvi usoni.

"Mke mwenzangu," akasema, "niwie radhi."

"Ya nini?"

"Ya boti. Na ya siku ile niliyokuchapa kwa sababu ya birika. Na ya mengine nisiyoyajua."

Nikafikiri. Hasira ya boti bado ilikuwa ya moto, na nilikuwa mwanafunzi wake mwema.

"Nakupa nusu," nikamwambia. "Nusu nyingine tukishapanda boti. Fundi ukimpa yote, nguo utaivaa Kiyama."

Bibi alinitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka Mama akaja mbio akidhani ni moyo. "Mwanao kanifunga kamba," akamwambia, huku akijifuta machozi kwa kanga. "Sasa sina ujanja, itabidi nirudi."

Kesho yake alilazwa, na keshokutwa yake akapasuliwa. Watoto hawakuruhusiwa kule ndani, kwa hiyo haya nimesimuliwa na Mama: alipofumbua macho, kabla hata ya kuomba maji, aliuliza kama nusu yake ipo.

Tulipanda boti kabla ya kurudi nyumbani. Bibi alinishika kiuno asije akanipoteza majini, na bandari yote ikatuzunguka na meli zake. Nikafungua kinywa nimlipe. Akaniziba kwa kiganja kilichonukia asumini. "Iache ikae," akasema. "Nikiitaka nitaiomba."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nikamaliza shule, nikapata kazi Dar es Salaam, na kila Idi niliporudi alinikumbusha nisiipoteze nusu yake, nami nikamjibu iko kabatini. Ulikuwa utani wetu.

Safari ya mwisho Mama ndiye aliyeniita. Niliingia chumbani nikamwamkia Bibi shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Chini ya mto wake kulikuwa na kikuba. Akanishika mkono.

"Mke mwenzangu, ile nusu unayo bado?"

Hapo ndipo nilipoielewa Mumbai. Bibi hakuwa akitazama mji siku ile. Alikuwa akiiaga dunia, mtu mmoja mmoja, na Mama alijua, na ndiyo maana mtandio haukumtoka machoni. Ndugu wa Msata, muuza samaki, kijana wa chai, mzee wa teksi, wote walimpa ruhusa ya kuondoka. Mimi peke yangu, kwa kununia boti, nilimzuia.

Nikataka kumzuia tena. Nikamwambia nitampa robo. Akatabasamu, lakini pumzi ya kucheka hakuwa nayo, na Mama, aliyekuwa amekaa miguuni pake, akasema taratibu, "Mpe, mwanangu."

Nililia kwanza. Kisha nikampa. "Nimekuwia radhi, Bibi. Yote. Nawe niwie."

Akakitikisa kichwa juu ya mto, upande upande, si ndiyo wala si hapana.

"Raazi," akasema. "Raazi."