Nepi Kumi na Mbili za Uzi wa Buluu

Asubuhi ile nilikuwa nafua nepi. Naanzia hapo kwa sababu ndipo ninapopakumbuka vizuri. Mengine huenda nimeyachanganya. Niliishia darasa la saba, na miaka imepita.

Tulikuwa tunaishi bondeni, chini ya milima ya Uluguru, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu watu wa pande zote mbili bado wanaishi huko. Mume wangu alilima mahindi na mpunga. Mtoto wetu wa kwanza, Konsolata, alikuwa na miezi minne. Pampasi nilikuwa nazisikia tu. Nilikuwa na nepi kumi na mbili nilizozikata kwenye mashuka mawili meupe ya mama yangu, na nilizifua kama alivyonifundisha yeye kule kwetu Matombo, milimani. Choo unakikwangua, unasuuza kwa maji baridi kwanza, maana ya moto yanashikisha doa. Unaloweka kwenye ndoo yenye mfuniko, unafua kwa kipande cha sabuni ya mche, unachemsha kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, unasuuza mpaka povu liishe, kisha juani. Mwisho pasi ya mkaa, hasa kwenye pindo, kwa ajili ya mayai ya nzi wanaoleta funza kwenye ngozi ya mtoto. "Nepi isiyoona jua haijafuliwa," mama alikuwa anasema.

Mama Neema alinikuta nakoroga sufuria. Alikuwa mke wa mfugaji, boma lao lilikuwa ng'ambo ya mto, na kila asubuhi aliniletea maziwa. Neema wake alikuwa mgongoni, mkubwa kidogo kuliko Konso.

"Mama Konso, leo tena unapika makande ya nepi?"

"Karibu, chumvi imekolea."

"Hayo kula mwenyewe na mtoto wako."

Akakaa. Alipoona kingo za nepi zinafumuka, akatoa sindano na uzi wa buluu aliokuwa anatungia shanga, akaanza kuzipinda moja moja, zote kumi na mbili. "Nyie wa milimani mnajua kuchemsha tu," alisema. "Kushona mmewaachia nani?" Nilicheka. Ilikuwa kweli, sikujua kushona.

Wiki ileile mapigano kati yetu wakulima na wafugaji yakaanza. Wengine wanasema ng'ombe waliingia kwenye mahindi kwanza. Wengine wanasema ng'ombe walikatwa mapanga kwanza. Mimi sikuona. Nilikuwa nafua. Ninachojua ni kwamba siku ya pili zilisikika bunduki, na shemeji yangu Kizito, mdogo wa mume wangu, aliletwa nyumbani amebebwa juu ya mlango uliong'olewa, na mshale ubavuni. Alikufa kabla ya jua kuzama.

Wanaume wakabaki. Wanawake tisa na watoto wetu tukapanda mlimani mpaka kwenye ghala la mahindi la Bibi Magdalena, mjane aliyetupokea bila kuuliza tutakula nini. Alikuwa na masharti.

"Mchana hakuna moshi, hakuna kelele, na hakuna kitu cheupe nje. Mtu akiwa bondeni, kitu cheupe huku juu anakiona kama jino."

Basi sikuweza kuchemsha wala kuanika. Nilifua kwa maji baridi, nikazitandaza juu ya magunia gizani. Zilikauka nusunusu, zikanuka. Siku ya tatu makalio ya Konso yalikuwa yamechubuka mpaka yanatoa damu. Kila alipojikojolea alilia, na kilio chake kilikuwa hatari kwetu sote. Mwanamke mmoja aliniambia nimzibe mdomo mtoto au niondoke naye. Simlaumu. Yeye alikuwa na wanne.

Siku ya nne, mchana, Bibi Magdalena alisinzia. Nikatoka na nepi zote, nikazianika kwenye vichaka nyuma ya ghala, upande unaotazama bonde. Ndiko jua lilikokuwa. Sitasema sikujua. Nilijiambia ni saa moja tu.

Nikarudi ndani, na baada ya muda nikachungulia kwenye ufa wa ukuta.

Niliona vijana watatu wenye mikuki, na mmoja wao ana bunduki pia. Walikuwa bado chini, wanapanda.

Mbele yao alikuwepo mwanamke.

Nikamwingizia Konso titi mdomoni. Akanyonya.

Mwanamke alifika kwenye vichaka. Akashika nepi ya kwanza, akageuza ukingo, akautazama. Ndipo nikamtambua: Mama Neema.

Akazianua haraka, akazificha ndani ya shuka lake.

Vijana walikuwa karibu kufika. Aliwageukia, akasema nao kwa kilugha chao, ambacho mimi sikijui. Akanyoosha mkono kuelekea korongoni. Waliondoka.

Yeye akabaki nyuma kidogo, akainama kama anafunga kiatu. Kisha nikasikia sauti, karibu kabisa na ufa.

"Mama Konso. Zimekauka. Usianike tena."

Nilipotoka kuziokota zilikuwa juu ya jiwe, zimekunjwa. Zilikuwa kumi na moja. Ile moja nafikiri alimfunga Neema. Michubuko ya Konso ilikauka baada ya siku mbili. Mama mmoja alikuwa amenipa mafuta ya nazi pia, nisije nikalisifu jua peke yake. Bibi Magdalena nilimweleza mwenyewe kosa langu. Alisukuma gunia moja pembeni, akasema, "Sogea, upate pa kumlaza mtoto."

Siku zilezile kundi la upande wetu lilivuka mto na kuchoma boma la kina Mama Neema. Mume wake aliuawa pale. Mume wangu alikuwa kwenye kundi hilo. Anasema hakumgusa mtu. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kumwapia wala kumshitaki. Mama Neema aliondoka na mtoto mgongoni, na tangu hapo sijapata mtu wa kuniambia walikokwenda. Kizito alikuwa na miaka kumi na tisa. Nikiwaweka wafu hawa wawili pamoja, sioni mmoja anayemlipia mwenzake.

Siku hizi tunaishi Mkuyuni, jirani na soko. Konsolata amejifungua kwetu, na kati ya nepi zile, saba bado zinafaa. Juzi alisimama mlangoni, akaniuliza.

"Mama, kamba ipo uani. Mbona nepi unaanika huku mbele, kila anayekwenda gulioni anaziona?"

"Huku jua ni zuri."

Ni kweli, jua ni zuri. Lakini nazianika uzi wa buluu ukiwa nje, umeelekea barabarani. Mama Neema, siku akipita, anaujua.