Ngumi Pembeni ya Sanduku ya Mama

Hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nilitoka mu mugodi na shati moja, nikajifungulia atelier, karakana ya kutengeneza baiskeli, bila kusaidiwa na muntu.

Jirani yangu pale alikuwa fundi wa saa, muntu wa Ceylan aliyeingia na treni ya Rodezia. Alifuata mafundisho ya Buddha.

"Patron," aliniambia siku moja, "kila kinachokugusa kinaleta kusikia: kwa utamu, kwa uchungu, ao kusikia kusiko na utamu wala uchungu. Ukuangalie kule kusikia mbele mukono wako haujatoka kupiga."

Nilimucheka. "Miye nasikia njaa na bei tu!"

Kisha, asubuhi moja, mama akafa. Bote balilia; miye macho makavu. Nikajisifu: muone mwanaume, sisikie kitu.

Kwetu, kuzika ni kazi ya batani, bantu ba kabila ingine tunaotaniana nabo tangu babu zetu. Bao banachimba, bao bananyanyua sanduku, bao banatukana. Mufiwa anacheka na kulipa. Mutani wangu, mushona viatu, tuliyekunywa naye miaka kumi, akalala pembeni ya sanduku.

"Huyu mama alikula bukari, ugali wa bantu saba! Sanduku itapasuka! Tajiri, leta bia, ao tunamuacha anuke hapa!"

Bote bakacheka. Mu kifua yangu kitu kikawaka. Nikamushika shingo, nikamugonga kichwa ku ukuta, mara mbili. Damu ikaruka ku kitambaa cheupe cha mama. Jino likavunjika chini ya ngumi yangu, na ilikuwa tamu. Hapo nilishangaa. Tamu kama maji ya baridi. Kwa sababu ya ule utamu nikaendelea kumupiga, hata alipokwisha kunyamaza, mpaka bashemeji banne bakanivuta.

Batani bakatupa chini kamba za kushushia sanduku. Mukubwa wabo akasema: "Mutani hapigwi. Muzike mwenyewe."

Jua lilikuwa kali, mama ndani ya sanduku. Hakuna mwingine angemugusa.

Fundi wa saa alikuwa amesimama ku mulango. "Patron, yale macho makavu ya asubuhi, nayo ilikuwa kusikia, kule kusiko na utamu wala uchungu. Haukukuangalia."

Nikakaa chini mu vumbi, nikalia sauti yote. Mutani akanisogelea, mudomo umevimba, akatema damu.

"Lia, lia. Lakini mbuzi mbili, kasha la bia, na jino langu! Nitatafuna na nini ku kilio chako, siku nitakapokuzika?"

Nikacheka na machozi. Batani bakanyanyua mama.

Mbuzi, bia na jino: nililipa franka elfu moja mia mbili makumi saba na tano.