Jina la mwanamuke kwa mulango, la mwanaume wapi?

Wakuu, mbote kutoka Kisangani. Masomo yangu iliishia primaire, shule ya musingi, munivumilie. Lakini hii nilipita ndani yake miye mwenyewe.

Naona munabishana hapa kama banamuke benye kuuza mwili bapimwe kwa lazima. Banaume bengi munaandika: bapimwe.

Bon. Miye nilipimwa.

Nilikuwa nafanya ile kazi kwa nganda ya Papa Anselme, baa ya kando ya mto. Kila mwezi infirmier Kasimu, muuguzi, anatupima kwa chumba ya nyuma. Kisha liste ya majina yetu inabandikwa kwa mulango. Ukiwa mugonjwa, jina yako inakatwa na kalamu ya bic nyekundu. Kila mutu anasoma akiingia.

Siku moja yangu ikakatwa. Sopisi, ile ya uchungu kwa kukojoa.

Nilijua aliyenipa. Lambert, mekanisye, fundi wa mashua za kwenda Yangambi. Mwezi ile bengine nilibakatalia, nilikuwa naye peke yake, nilidhani ananipenda.

Nikamwambia Kasimu, Lambert akiwa pale kwa baa: "Docta, mupime na yeye."

Lambert akacheka, chupa kwa mukono: "Weye! Sokoni banapimaka mbuzi, hapana munuzi!"

Papa Anselme akacheka mpaka akakohoa. Kasimu akafunga sanduku yake.

Miye nikapewa dawa. Lambert hapana, na akarudi kwangu. Nikamufungulia, ujinga yangu. Ugonjwa ikarudi, ikarudi tena. Mwisho hospitali bakaniambia: tumbo imeharibika, hautazaa.

Sasa nauza pilipili. Jioni napika sombe, majani ya muhogo, sufuria mzima, kisha nakumbuka niko miye tu.

Mwezi uliopita bibi ya Lambert, Mama Régine, alisimama mbele ya meza yangu.

"Ni weye ulimupa bwana yangu ugonjwa? Mpaka leo sijazaa."

Nikamujibu: "Mama, jina yangu ilikuwa kwa mulango, muji mzima ilisoma. Ya bwana yako ulisoma wapi?"

Nikamusogezea kiti, akakaa. Tukachambua pilipili pale, banamuke babili, bila mutoto wa kutuita nyumbani.

Donc nilichojifunza: ukipima mwenye kukaa ndani ya nganda na ukaacha mwenye kuingia, haujapima kitu. Anselme, Kasimu, Lambert, nabataja, bajijue.

Na weye uliyeandika "bapimwe", karatasi yako ya kupimwa iko wapi? Jibu hapa chini, hata matusi nitasoma. Nyumbani kwangu hakuna mwengine wa kuongea naye.