Kukaa Chini Kando ya Barabara

Kazi yangu ni breki. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimelala chini ya malori hapa Nyeri, nikitoa breki zilizokwisha na kuweka mpya, na siku hizi lori likiteremka naweza kukuambia bila kuliona kama litasimama au litapita tu. Wenzangu gereji wananisifia sikio hilo. Mimi ningependa nisiwe nalo, kwa sababu binti yangu hukimbia.

Ana miaka tisa na ana usonji. Haongei sana, haitiki jina lake, na akishaanza mbio hatazami gari, ng'ombe wala shimo. Nyumbani nimeweka komeo juu kabisa ya kila mlango, mahali ambapo hata mama yake hulifikia kwa shida. Hata hivyo ametuponyoka mara mbili. Mara ya pili tulimpata mtoni akiosha mawe, maji yakiwa magotini. Tangu hapo simu ikilia nikiwa kazini, natoka chini ya lori mbio kabla sijatazama ni nani.

Mke wangu ndiye aliyesikia kuhusu mazoezi ya Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa moja pembeni mwa mji. Watoto wanane, wote wa aina ya binti yetu, na mwalimu mmoja kutoka Endarasha, msichana aliyekuwa mkimbiaji mpaka goti likamkatalia. Nilienda nikiwa nimenuna. Nilipouona uwanja nikanuna zaidi, maana uko juu ya barabara kuu, na kati ya watoto na malori kulikuwa na ua wa miti na lango moja la chuma. Nilimuuliza mwalimu kama amekosa pahali pengine. Akasema pahali pengine alipoomba walimwambia watoto hawa wana kelele.

Mazoezi yenyewe hayakubadilika hata siku moja. Picha tano zilibanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo: kukimbia, kuruka, kurusha mpira, kutembea juu ya ubao, kukaa. Picha moja ikiisha, mtoto anaitoa mwenyewe na kuitia kikapuni. Kwenye kukimbia, mzazi anamfuata mtoto nyuma hadi kwenye tairi kuukuu nililoleta mimi, na mtoto akisikia miguu nyuma yake anaongeza kasi. Kwenye kukaa, wote wanakaa mstari mmoja wakitazama upande wa mlima, miguu imenyooshwa, na tunahesabu pamoja hadi kumi. Kabla ya kumi hakuna anayeinuka. Binti yangu alipenda kukaa kuliko yote. Alikuwa akigusa goti langu kwa kila namba, na mimi, mtu mzima mwenye mafuta ya gari kwenye kucha, nilikuwa naingojea picha hiyo ya tano wiki nzima.

Siku ya kwanza mwalimu alitupa onyo moja. Mtoto akitoka mbio, tusimkimbize.

"Ukimfuata, yeye anaona ni ule mchezo," alisema. "Wewe kaa chini, uangalie mlima. Atakuja kukaa."

Nikamuuliza, "Na kama iko na lori inakuja?"

"Hapo ndio unakaa haraka, baba."

Nilicheka wazi mbele ya wazazi wengine. Usiku nilimwambia mke wangu kwamba yule msichana hajazaa, ndiyo maana anaongea hivyo.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia mke wangu alikuwa kwao Gakindu kumsaidia mamake kuchuma kahawa, kwa hiyo nilienda na mtoto peke yangu. Tulifika wa kwanza, na kwa desturi yetu anayefika wa kwanza hupewa ufunguo wa lango. Wote walipoingia nilifunga, nikajaribu kufuli mara mbili, nikatia ufunguo mfukoni. Katikati ya mazoezi likaja lori dogo lenye mahema na viti vya harusi ya mchana huo. Nikalifungulia. Dereva alianza kurudi nyuma vibaya, nusura aangushe ukuta wa kanisa, na mimi siwezi kumwona mtu akitesa gari nikanyamaza. Nilienda kumwelekeza. Mwalimu aliniita kwamba zamu ya mtoto wangu imefika. Nikapunga mkono kwamba angoje kidogo. Lakini binti yangu hana kidogo. Picha ilisema kukimbia, na yeye akakimbia.

Nilisikia raba zake zikipita nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa ameshavuka lango nililoliacha wazi.

Nilimfuata. Ningefanya nini? Nilikimbia kwa nguvu zote nikiita jina ambalo haitiki, na yeye akageuka, akaniona, akacheka. Ni mara chache sana binti yangu hunitazama usoni. Siku hiyo alinitazama akiwa hatua chache tu kutoka kwenye lami, kisha akaongeza kasi, kwa sababu baba yake hatimaye amekuja kucheza.

Hapo nikalisikia lori. Lilikuwa bado halijatokea kwenye kona ya juu, ila nilijua limebeba mawe, na nilisikia chuma kikisaga chuma kwenye gurudumu moja la nyuma. Lori hilo halingesimama. Nilijua vile ninavyojua jina langu.

Miguu yangu ilitaka kwenda. Kila kitu ndani yangu kilitaka kwenda. Nikakaa.

Nilikaa kwenye changarawe, nikageukia mlima kama picha inavyotaka, maana yake nikampa mgongo mtoto wangu na barabara. Nikanyoosha miguu. Sijawahi kuogopa hivyo, na sidhani nitaogopa hivyo tena hata siku ya kufa kwangu. Mlima wenyewe haukuonekana, ulikuwa umefunikwa na mawingu. Nilisikia honi ndefu, nikasikia breki zikilia, kisha upepo wa lori ukanipiga mgongoni na vumbi likanipita. Sikugeuka. Nilifikiri nikigeuka nitaona, na nikiona basi imekuwa.

Kisha mkono mdogo ukagusa goti langu.

Alikuwa amekaa kushoto kwangu, mahali pake pa kila Jumamosi, raba zimenyooka. Alikuwa akingoja namba. Nikasema moja, nikasema mbili, sauti ikakatika. Akagonga goti. Nikaendelea na tatu, akagonga tena kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeharibu na ilibidi nianze upya. Nilianza upya mara tatu. Nililia nikihesabu, na sioni haya kusema hivyo. Tulipofika kumi aliinuka, akarudi langoni, akaenda moja kwa moja kwenye kamba, akaitoa picha ya kukimbia na kuitia kikapuni. Mwalimu alikuwa langoni, watoto saba wamekaa mstari nyuma yake. Dereva wa mahema alikuja akanishika mkono, akaniinua.

Ningependa kusema woga uliisha. Ulibadilika tu. Zamani niliogopa lori. Sasa naogopa siku nitakayokosekana. Mimi nina miaka hamsini na tatu na mgongo mbovu. Atatoka mbio siku moja akiwa mwanamke mzima, na watu wazuri watamkimbiza ili wamwokoe. Nani atakaa chini?

Kwa hiyo nimeanza kuwafundisha nilio karibu nao. Mwenye duka, kijana wa boda boda, jirani wa juu. Wengine huniitikia tu kwa heshima, nami naona hawajaniamini, kama vile mimi sikumwamini mwalimu. Jumatatu nilimleta binti yangu gereji. Nikawaambia mafundi wenzangu wafanye kama nitakavyofanya. Mmoja akasema, "Ati tukae? Kwa hii mafuta yote?" Nikamwambia ndiyo, kwa hayo mafuta yote.

Nilifunga geti, nikamwacha aanze mbio. Wanaume watatu wakakaa chini uani wakitazama ukuta wa mabati, kwa sababu nyuma yake ndiko uliko mlima. Mimi nilisimama kando nisihesabu. Alizunguka gari bovu mara mbili, akapunguza mwendo, akawatazama. Kisha akaenda kukaa kushoto kwa yule aliyelalamika, akamgonga goti, na yule bwana akaniangalia akiwa na hofu.

"Hesabu," nikamwambia. "Usiharibu."