Baba Mdogo Alipokuwa Bosi wa Studio

Saluni yangu iko Berea, hapa Durban, chini ya ghorofa lenye wapangaji wa kila namna. Jumamosi alasiri, kichwa cha mwisho kikishasukwa, tunageuza viti vielekee ukuta mweupe, tunafunga mapazia na kuonyesha filamu. Wanaokuja ni watu wetu wa Kongo, wengi wametoka moja kwa moja kwenye zamu za viwandani Jacobs na Mobeni, Watanzania wawili watatu, na siku hizi wanafunzi pia. Filamu zenyewe ni za Kijapani, za mapanga. Lawama zote mpe baba yangu mdogo, ambaye alizipenda tangu kwetu Uvira, alipokuwa akisimama kando ya televisheni kwenye kibanda cha video na kuwaeleza watu kinachosemwa.

Kijapani hajui hata neno. Husoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na yakimpita kasi, anatunga. Wala hasemi "huyu anasema hivi", anasema "mimi". Akiwa jambazi ni jambazi kwelikweli, akiwa bibi harusi analia kilio cha bibi harusi, na watazamaji wanambishia yeye, ukuta wameshausahau. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye aliyenileta Durban. Nikiwa mdogo nilikuwa silali mpaka anisimulie filamu nzima kitandani.

Mwaka huu koo lilianza kumsumbua. Anakohoa katikati ya vita, maneno yanachelewa, na aliyekufa anajikuta anaongea. Wanafunzi wakaja kwangu kwa adabu zao: wanataka kuwasikia waigizaji wenyewe. Mmoja wao akanionyesha kwenye kompyuta maandishi ya Kiswahili chini ya picha, yanasomeka vizuri tu. Nikakubali, tukapatana Jumamosi moja ipite kwanza, ndipo tuanze. Walio wengi wakaambiwa. Baba mdogo sikumwambia.

Mimi si mtu wa kuogopa watu. Mwenye nyumba ananijua, na polisi wanaokuja kuuliza vibali wananijua. Lakini kwa mzee yule kila asubuhi niliamka na neno mdomoni, na jioni likalala humohumo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mabadiliko hayo, mwanafunzi yule alileta filamu ya maisha ya mtu: bosi wa studio moja kubwa ya Japani, marehemu sasa, aliyetoa nyingi kati ya zile filamu tulizozipenda. Baba mdogo alifurahi mno.

"Huyu patron nimemutumikia maisha yangu yote," alituambia, "na yeye hajanijua hata kidogo."

Basi akawa bosi. Akajishika kiuno, akatoa kifua mbele. Nilizaliwa maskini, akasema, nikaanza kwa kukata tiketi mlangoni mwa ukumbi wa sinema, nikapanda mpaka nikawa mtu wa kuamua nani apate jina na nani asahaulike. Waigizaji niliwafunga kwa mikataba. Mmoja alinikaidi, hakupata kazi kwa yeyote. Wanawake wakaguna. Lakini niliwapa fedha watengenezaji ambao hakuna aliyewaamini, na filamu zao leo zinafundishwa vyuoni. Studio ilikuja kuanguka watu walipohamia televisheni, mimi nikazeeka, filamu zikabaki. Wanafunzi wakapiga makofi, maana hapo bosi alikuwa amewakuna.

Kisha ikaja sehemu ambayo hatukuitarajia. Zamani, filamu zilipokuwa hazina sauti, kila ukumbi Japani ulikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kusema maneno ya kila mtu. Chumba kizima kiligeuka kumtazama baba mdogo. Yeye alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe tuko wengi!" akasema.

Kaka mkubwa wa bosi alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyemtafutia kazi ya mlangoni. Filamu za sauti zilipofika, bosi aliwaondoa wasimulizi wote, kaka yake akiwemo. Hakumwambia. Kaka alifika jioni amevaa nguo zake nzuri, akakuta meza yake ya kusimulia haipo.

"Patron! Ndugu yako wa damu!" akapaza sauti mama mmoja anayeuza mboga. "Hauna roho?"

"Eish, uliogopa nini kumuambia?" akadakia mwingine.

Ukutani bosi mzee alikuwa akisogeza midomo polepole. Baba mdogo akamfuata.

"Nilimupenda," akasema. "Nikaona akijua mapema ataumia siku nyingi. Asipojua, ataumia siku moja tu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na masinki ya kuoshea nywele. Niliona aibu, na nikajichukia. Nikaapa kwamba leo hii haipiti.

Watu walipotoka nilimwambia bila kuzunguka.

"Baba mdogo, Jumamosi ijayo tunaweka maandishi ya Kiswahili. Koo lako lipumzike. Wanafunzi wanajua tayari."

Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi. Hakukasirika.

"Bon. Ni muzuri, mutoto wangu. Hata mimi nimechoka."

Nikashusha pumzi. Mzigo wa wiki nzima, kumbe ulikuwa maneno mawili. Kisha akavitazama viti vilivyobaki wazi.

"Kwa hiyo ya leo ndiyo ilikuwa ya mwisho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungeniambia mbele kidogo," akasema, "ningewaaga watu."

Nikatoka mbio na aproni yangu. Wengine walikuwa kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja kuvuka, wengine mguu mmoja tayari ndani ya teksi. Nilipiga kelele barabara nzima kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa matusi kidogo.

"Rudini! Baba hajamaliza!"

Walirudi wachache. Mama wa mboga alirudi na mifuko yake, mwanafunzi mwenye kompyuta akarudi, wakakaa bila kuuliza.

Ukutani hapakuwa na picha, mwanga mtupu tu. Baba mdogo akasimama palepale pake. Akafungua mdomo, akaufunga, na mikono hakujua aiweke wapi.

"Leo hakuna mutu mwingine," akasema. "Iko mimi."

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu mwenye haya, na ilitetemeka. Mimi niliyelelewa naye, ndiyo mara ya kwanza kuisikia.