Panya Walioumwa Kama Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alipoanza kuamka na uso uliovimba, mama alidhani ni baridi ya Lushoto. Kisha vifundo vya miguu navyo vikavimba, na mashavuni pakatoka wekundu uliozidi kila alipopalilia kabichi juani. Mdogo wangu akanitumia picha kwa simu. Niliitazama nikiwa na koti la maabara, nikatafuta kiti.

Kazi yangu, katika chuo kimoja mjini, ni kutunza na kupima panya weupe wa utafiti. Baadhi yao huzaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi. Kinga ya mwili, ambayo ipo kupambana na vijidudu, inawageukia wenyewe. Inatengeneza kingamwili zinazonasa kwenye vichujio vya figo, na figo zinaharibika taratibu. Nilizijua dalili zake vizuri mno.

Nilimwambia aje haraka. Kliniki wakathibitisha ni lupasi, na figo zimeguswa.

Mama alimsindikiza. Jioni ile nyumbani kwangu hakugusa chakula. Akaniuliza kwa Kishambaa, kama afanyavyo jambo likimuuma, alikosea wapi kumlea.

"Hukukosea, mama," nikamjibu. "Panya wangu wanakula chakula kimoja, wanalala pamoja. Majike ndio huumwa mapema kuliko madume, na hakuna aliyewakosea."

"Kwa hiyo ni wa kuzaliwa?"

"Kwa sehemu. Mengine bado tunatafuta. Lakini panya wasio na zile chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, figo zao hubaki salama. Dawa alizopewa zinatuliza kinga hiyo hiyo."

Mama akavuta sahani.

Mdogo wangu akataka kuwaona panya hao. Wageni hawaruhusiwi kuingia, ila kuna dirisha la kioo, na mkuu wangu alikubali. Nikamwonyesha jike mmoja aliyejikunja pembeni, manyoya yamesimama, tumbo limejaa maji.

"Dada, na yeye anachoka kama mimi?"

"Nadhani."

Akaweka vidole kwenye kioo. "Pole, mwaya," akamwambia taratibu. Niligeuka nikajifanya nasoma kipimajoto cha ukutani.

Dawa zilimtesa mwanzoni. Nywele zilipungua, na mama alikuwa akimfunga kitambaa kila asubuhi akimsifia kinavyompendeza. Polepole protini kwenye mkojo ikashuka, uvimbe ukaisha. Hajapona, na pengine dawa hataziacha, lakini amerudi nyumbani na anashona sare za shule ndani, mbali na jua.

Likizo iliyopita tulipanda pamoja kilima cha kutoka sokoni, yeye akiwa na mzigo wa vitambaa kichwani. Mimi ndiye niliyehema nikaomba tupumzike. Akaketi kando yangu kwenye nyasi, akakata peasi, akanipa kipande kikubwa.