Leseni ya Kuvusha Watu Kitangiri

Nichekeni tu, hapa Kitangiri wameshanicheka. Mimi ni mkulima wa alizeti, navusha watu ziwani kwa mtumbwi na sijui kuogelea. Juzi mkaguzi wa leseni alipanda anipime. Mama Shabani, mteja wangu wa kila siku, alikuwemo na gunia lake.

Katikati ya ziwa mkaguzi akasema, "Vaa jaketi la kujiokolea."

Nikapitisha kichwa kwenye tundu la mkono, nikapepesuka, nikatumbukia.

"Jamani nakufa, niokoeni."

"Hebu simama," akasema mkaguzi.

Nikasimama. Maji yalinifika magotini. Sikuelewa, ziwa lilipungua lini?

"Leseni utapata ukishajua kuogelea."

"Nitaogelea wapi?"

Mama Shabani akavua kandambili, akashuka, akajitwika gunia, akamalizia safari kwa miguu.